Vikopo Vitupu Mlangoni

Naanza na asubuhi njema, ndugu zangu, kwa sababu asubuhi hiyo ilikuwepo kweli na si haki kuiruka.

Katika chumba cha mbele cha ghorofa ya tatu, mjane mmoja alikuwa ameketi kando ya dirisha na mkasi mkononi. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya moto yenye sabuni, na ndani ya beseni vilielea vyombo vitupu vya plastiki: chupa za shampuu, chupa za sabuni ya vyombo, makopo ya siagi, vikombe vya mtindi. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sakafu. Mama huyu alikuwa akiikata chupa nyeupe ya maziwa kuwa majani, na kila jani lilipoachana na chupa alilinyanyua kwenye mwanga kuona kama ukingo wake ni laini. Likiwa na kasoro alilikata upya. Hakuwa na haraka. Hakukuwa na mtu wa kumharakisha.

Alikuwa fundi, na ni vizuri jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, maana wapo waliomwona kama kikongwe anayecheza na takataka. Maisha yake yote ya kazi alishona katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akitia viraka mashuka na kubana mikunjo ya mapazia ya wodini. Alipostaafu, mikono ilibaki na kazi lakini kitambaa hakikuwepo. Akahamia kwenye plastiki. Alijifunza mwenyewe kwamba gundi ya lebo haitoki kwa maji, inatoka kwa mafuta ya kupikia ukiyapaka na kuyaacha kwanza. Alijifunza kwamba tundu safi hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto, na kwamba ukitaka ua lijikunje kama ua la kweli, unalipitisha juu ya mshumaa kwa mbali. Ukilisogeza karibu mno linanywea na kuwa jeusi. Chupa za shampuu alizizungushia kamba ya katani zikawa vyombo vya maua. Makopo ya siagi yaligeuka vivuli vya taa vyenye vitundu, na usiku ukuta mzima ulijaa madoa ya mwanga. Watu wa jengo lile walimwita Mama Vikopo, wengine kwa heshima, wengine kwa mzaha. Yeye aliitikia wote sawasawa.

Sasa niwaambie vikopo hivyo vilifikaje kwake, kwa maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama Vikopo alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamume, mhandisi wa majengo, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Mkubwa hata baada ya kuota mvi. Wa pili alikuwa binti, afisa katika kampuni ya bima. Wote waliishi mji uleule alioishi mama yao. Kutoka kwa yeyote kati yao hadi kwa mama ilikuwa safari ya kumaliza habari moja ya redio na kuanza nyingine. Baba yao alipokuwa hai walikuja. Baada ya mazishi walikuja sana, halafu walikuja, halafu wakawa wanapiga simu.

Mama hakulalamika. Alikuwa mtu wa kizazi kinachoona aibu kuomba kutembelewa, kana kwamba ni kuomba sadaka. Akabuni njia. Siku moja, akizungumza na binti yake kwenye simu, alisema kwa sauti ya mtu ambaye jambo limemjia hivi hivi tu:

"Msitupe vikopo vyenu vitupu, mwanangu. Mimi ninavitumia. Mwambie na kaka yako. Viwekeni kwenye mfuko, mniletee."

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Vikopo havina miguu. Atakayevileta atapanda ngazi, atahema, ataketi, na chai itakuwa jikoni. Hata ukubwa wa birika aliufikiria.

"Mama, hilo tu?" binti alifurahi. "Usijali kabisa. Nitakutumia na bodaboda."

"Na bodaboda?" mama aliuliza.

"Ndiyo. Analeta mpaka mlangoni. Wewe hushuki hata ngazi."

Hapo angeweza kusema. Alikuwa na nafasi ya kusema, tena pana. Alisema, "Ahsante, mama yangu," akakata simu. Alikuwa ametegea wageni, na sasa mtego ulikuwa unanasa mizigo.

Basi mifuko ikaanza kuja. Dereva wa bodaboda, kijana mchangamfu mwenye kofia kubwa ya chuma, alipanda ngazi mbili mbili, akagonga, akapaza sauti, "Hodi! Mzigo, bibi!", akauweka mfuko chini, akaupiga picha kwa simu ili mtumaji aone umefika, akashuka. Mwanzoni mama alimkimbilia na kikombe cha chai. Kijana aliinywa mara moja, akiwa amesimama, kwa ajili ya adabu. Mara iliyofuata alisema, "Bibi, nina abiria ananisubiri chini," naye mama akaacha kuchemsha maji.

Watoto waliridhika. Naomba tuwatendee haki: hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja, alipofunga mfuko, alijisikia amemfanyia mama yake jambo. Mazungumzo ya simu yakawa hivi:

"Mama, mzigo umefika?"

"Umefika, baba."

"Vinatosha?"

"Vinatosha. Vimezidi."

"Haya, nipo eneo la ujenzi, kelele nyingi. Tutaongea."

Utaona, msomaji, kwamba kilichojuliwa hali ni mfuko.

Mtu pekee aliyefika mlangoni pale bila kutumwa na mtu alikuwa jirani wa mlango wa pili, fundi redio, mtu mkavu aliyeishi peke yake na kuchukia karibu kila kitu: watoto kwenye ngazi, mlango unaobamizwa, harufu za majiko ya wengine. Jengo zima lilimwita Bwana Kero. Yeye na Mama Vikopo walikuwa na ugomvi wa kudumu.

"Wewe mama! Unachoma nini tena humo ndani?"

"Ninachoma maneno yako, yamenijaa nyumbani."

"Hiyo plastiki itatuua sote."

"Wewe huwezi kufa. Nani atabaki kuwagombeza wenzako?"

"Funga dirisha!"

"Nikifunga utakuja kugonga mlango kuuliza kwa nini nimefunga. Nenda kazini, redio za watu zinakusubiri."

Bwana Kero aliondoka akinung'unika, na mama alirudi kwenye kiti chake akiwa na rangi kidogo usoni. Hakuna aliyewahi kumwona Bwana Kero akishinda. Neno la mwisho lilikuwa la Mama Vikopo siku zote, na huenda lilikuwa neno refu kuliko yote atakayoyasema siku ile.

Baada ya mifuko kuzoeleka, mama alianza kugundua kwamba taka za mtu ni habari zake. Mifuko ya binti ilikuja imeoshwa, imekaushwa, imepangwa kwa rangi. Ilikuwa kazi ya msaidizi wa nyumbani, tena kazi nzuri, na haikumweleza mama chochote. Mifuko ya Mkubwa ilikuwa na habari. Ilikuja kama ilivyotoka jikoni: madumu ya mafuta ya kula ya lita tano, makopo makubwa ya siagi, vikombe vya mtindi vyenye picha za wanyama ambavyo wajukuu zake wawili walivipenda, chupa za shampuu ya watoto ile isiyochoma macho. Mara nyingine ndani ya kikombe alikuta kijiko cha plastiki kilichotafunwa mpini, akacheka peke yake, akakiweka kando bila kukikata.

Halafu vikombe vya wanyama vikapungua. Halafu vikakoma. Shampuu ya watoto ikakoma. Chupa za losheni ya mkewe Mkubwa, za waridi, ambazo mama alizipenda kwa petali, zikakoma. Dumu la lita tano likawa chupa ya lita moja. Kisha mifuko ikaanza kujaa kitu kimoja tu: vile visanduku vyeupe vya plastiki wanavyofungia chakula cha kununua, kisanduku cha mtu mmoja, uma mmoja.

Mama alivitandaza sakafuni akavitazama. Mtu aliyeshona mapazia ya wodini kwa muda mrefu anaijua sura ya kitanda kilichoachwa. Alichukua simu.

"Mkubwa, hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama."

"Mke wako mzima?"

"Mzima. Anakusalimu."

"Na wajukuu zangu? Nipe niwasikie sauti."

"Wamelala, Mama."

Ilikuwa saa kumi alasiri.

Hakubishana naye. Alimjua mwanawe: tangu utotoni, ukimuuliza palipo na kidonda alificha goti. Angeulizwa kwenye simu angedanganya zaidi, na baada ya hapo angeona aibu ya uongo juu ya aibu ya kwanza, na simu zingekoma kabisa. Lazima amwone. Lazima aketi naye, amwekee chakula, anyamaze hadi aseme mwenyewe. Tangu siku hiyo Mama Vikopo hakuwa tena na haja ya wageni kwa ajili ya upweke wake. Alikuwa na haja moja: Mkubwa aingie mlango ule.

Akaanza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Alikata majani kutoka chupa zote nyeupe za maziwa, akakata petali kutoka chupa za rangi, akazitoboa, akazitunga kwenye uzi wa nailoni, uzi baada ya uzi, hadi likapatikana pazia la dirisha zima. Lilipoinuliwa kwenye mwanga lilikuwa jeupe juu na kushuka polepole hadi waridi na kijani. Pazia lile lilikuwa zuri, na sisemi hivyo kwa huruma. Lakini pazia halikuwa lengo. Pazia zito linataka bomba, bomba linataka skrubu, na ukuta ule ulikuwa wa zege. Msumari hauingii. Anahitajika mtu mwenye drili. Mhandisi, kwa mfano.

"Mkubwa, nina pazia hapa, linataka bomba. Uje na drili yako."

"Jumamosi, Mama. Bila shaka."

Jumamosi alipika. Saa nane mchana ujumbe ukaingia: kumetokea dharura kazini. Jumamosi iliyofuata alipika tena, kidogo. Gari lilikuwa na hitilafu. Jumamosi nyingine hakupika, akapiga yeye simu.

"Mama, nisikilize," Mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku amelala. "Nitakutumia fundi. Nitamlipa mimi. Dakika kumi amemaliza."

"Sitaki fundi. Nakutaka wewe."

"Fundi ana mkono mzuri kuliko wangu."

"Sikuuliza mkono."

Ndugu zangu, hapa palikuwa na watu wawili wapweke, kila mmoja kashika simu sikioni, mama anajua siri ya mwana na mwana anamficha mama, na kilichohitajika kilikuwa sentensi moja kutoka kwa yeyote kati yao. Haikutoka. Mkubwa alikuwa anaogopa kuonekana. Nyumba ya mama yake ndiyo ilikuwa mahali pekee duniani ambapo asingeweza kujifanya.

"Basi nitakutumia bomba lenyewe na skrubu zake," alisema. "Halafu tutaona."

Bomba lilikuja na bodaboda, limefungwa pamoja na mfuko wa visanduku vyeupe.

Mama alilitazama bomba lile kwa muda mrefu. Sijui kama alikasirika, najua alichofanya. Juu ya fremu ya mbao ya dirisha kulikuwa na misumari miwili ya zamani. Aliona kwamba bomba linaweza kufungwa pale kwa waya. Ijumaa asubuhi aliweka kiti chini ya dirisha, akaweka kigoda juu ya kiti, akapanda na bomba mkononi, pazia zima likining'inia begani mwake. Alifunga upande wa kushoto vizuri kabisa. Alipojinyoosha kuufikia upande wa kulia, kigoda kiliteleza.

Aliangukia ubavu. Alisikia mlio ndani ya mwili wake kabla ya kusikia maumivu, na kwa sababu alifanya kazi hospitali alijua ni nyonga. Pazia lilimwangukia juu. Simu ilikuwa mezani. Meza ilikuwa karibu kiasi cha mtu mzima kunyoosha mkono, na yeye hakuweza kusogea hata upana wa kiganja.

Alipiga kelele. Kila pumzi aliyoivuta kwa ajili ya kelele ilimchoma, na kelele zikawa fupi, kisha zikawa kama mtu anayejisafisha koo. Bwana Kero alikuwa kazini kwake. Ghorofa ya chini watoto walikuwa shuleni.

Mchana akasikia hatua za ngazi, mbili mbili.

"Hodi! Mzigo, bibi!"

Mama alifungua mdomo. Sauti aliyoipata haikufika hata kwenye miguu ya meza. Nje ya mlango, vikopo vitupu vikagonganagongana ndani ya mfuko ulipotua chini. Akasikia mlio mdogo wa simu ikipiga picha. Kijana yule alikuwa tayari anaongea na mtu mwingine kwenye simu, anacheka, anateremka.

Ulikuwa mfuko wa binti. Binti, akiwa ofisini, alipokea picha: mlango uliofungwa na mfuko msafi mbele yake. Akatuma ujumbe kwa mama: "Nimeona umefika. Wikendi njema, Mama." Simu ilitikisika mezani, ikawaka, ikazima. Jioni ilitikisika tena, mara mbili. Huyo alikuwa Mkubwa, na alipoona haipokelewi alijiambia kwamba mama anaoga. Usiku ulipita mama akiwa sakafuni, na hakuna la kuuelezea zaidi ya kwamba ulikuwa mrefu na sakafu ilikuwa baridi, na kwamba alijifunika pazia lake la plastiki, ambalo halifuniki kitu.

Jumamosi asubuhi Bwana Kero alitoka na taka zake, akajikwaa kwenye mfuko.

"Wewe mama!" Aliupiga mfuko teke, vikopo vikatawanyika hadi ngazini. "Uchafu wako umeziba njia tena! Sisi tutaruka kama vyura?"

Kimya.

"Nasema na wewe! Mtu mzima ovyo! Jengo zima limekuwa jalala kwa ajili yako!"

Kimya.

Bwana Kero alisimama. Alikuwa ametoa tusi zuri, zito, ambalo kwa kawaida lingerudishwa na riba. Mwanamke huyu hakuwa amewahi kumwachia neno la mwisho. Hata alipokuwa na mafua alimjibu kwa mafua yake. Aliweka taka chini, akaweka sikio kwenye mlango, na akasikia kitu kama plastiki ikisugua sakafu.

Hakugonga tena. Alikwenda kwake, akarudi na bisibisi nene, akaichomeka kati ya mlango na fremu, akabana kwa uzito wake wote hadi kufuli ikaachia. Alimkuta amelala chini ya maua.

"Usinisogeze," mama alisema. "Ni nyonga."

"Nani amekwambia nakusogeza? Sina nguvu hizo." Alivua koti akamfunika. "Tangu lini uko hapa?"

"Jana."

"Jana! Na huo mfuko?"

"Jana."

Bwana Kero alitazama mlango, akatazama simu, akaichukua. "Nimpigie nani?"

Mama alifikiri. Jambo hili Bwana Kero alilisimulia baadaye kwa jengo zima: kwamba mama yule, mwenye watoto wawili mjini, alifikiri kwanza.

"Gari la wagonjwa," alisema. "Halafu Mkubwa. Mwambie asitume mtu."

Mkubwa hakutuma mtu. Alifika hospitali na shati alilolala nalo, ndevu za siku nyingi, mwembamba, na mama alipomwona akiingia wodini alisahau nyonga yake, kwa sababu hali aliyoikisia kutoka kwenye visanduku vyeupe sasa ilikuwa na uso.

"Kwa nini hukusema, Mama?" Mkubwa alikuwa amesimama upande wa miguuni, kama daktari. "Ungesema tu uko peke yako, unataka tuje. Vikopo! Mimi nilidhani unataka vikopo!"

"Nilikuwa na makosa. Nilipaswa kusema." Alivuta pumzi kidogo kidogo. "Na wewe je? Wameondoka lini?"

"Akina nani?"

"Mkubwa."

Alishika chuma cha kitanda. "Nani amekwambia? Yeye mwenyewe amekupigia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mtindi wa watoto ulikoma. Losheni ikakoma. Ukawa unakula kwenye kisanduku. Nilikuwa nataka uje nikuone, basi. Pazia halikuwa na haraka."

Mkubwa aliketi. Hakukuwa na kiti, aliketi sakafuni, kichwa kikiegemea godoro, na mhandisi yule alilia mbele ya wodi nzima. Mama aliweza kufikisha mkono hadi kwenye nywele zake.

Mambo mengine nitayasema kwa ufupi kwa sababu yalitokea kama yanavyotokea. Nyonga ilipasuliwa ikafungwa kwa chuma. Daktari alisema atatembea kwa kushika fremu ya chuma ya kutembelea, lakini ngazi asahau, na hivyo ghorofa ya tatu ikaisha katika maisha yake. Mikono yake, iliyoshona kwa miaka yote ile, sasa ilikuwa na kazi ya kushika fremu. Binti alikuja hospitali mara mbili, akalia kwa dhati mara zote mbili, kisha akatuma kiti cha magurudumu. Kilikuwa kizuri, cha bei kubwa. Kililetwa na gari la duka, na mlango wa nyumba ya Mkubwa ukapigwa picha.

Ndiyo, mama alihamia kwa Mkubwa. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala na mtu mmoja. Siku ya kwanza Mkubwa alimtandikia kitanda, akamwonyesha choo, akamwekea maji karibu, akaenda kazini, na mama akashinda peke yake akisikiliza jokofu likinguruma. Wala usifikiri, msomaji, kwamba kuhamia nyumba moja kunatosha. Kuta zinazotenga watu ni zilezile.

Jioni Mkubwa alirudi. Alifungua mlango, akawasha taa, akatua begi.

"Shikamoo, Mama. Umeshindaje?"

"Marahaba. Nimeshinda vibaya," mama alisema. "Nilikuwa peke yangu kutwa nzima na nimechoka kuwa peke yangu."

Mkubwa alibaki na ufunguo mkononi. Hakuwa amewahi kusikia sentensi hiyo kutoka kwa mama yake, na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuitamka.

"Na wewe?" mama akauliza. "Mchana umekula na nani?"

Alikuwa na jibu tayari, lile la siku zote, la wenzake wa kazini na shughuli nyingi. Akalimeza. Akavuta kiti, akakisogeza hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Peke yangu, Mama," alisema. "Nimekula ndani ya gari, na madirisha nimeyafunga."

"Haya," mama alisema. "Anzia hapo."

Funzo

Ndugu zangu, mzazi wako si ghala, na wewe si duka. Unachomtumia kinaweza kuwa kizuri, kinaweza hata kuwa kile alichokiomba, lakini hakiwezi kumwuliza amelalaje, wala hakiwezi kumsikia akianguka. Picha ya mlango uliofungwa inathibitisha kwamba mlango umefungwa. Haithibitishi jambo jingine lolote.

Kwa watoto: pandeni ngazi wenyewe. Mkishindwa kwenda kwa sababu ya aibu, kwa sababu ndoa imevunjika au kazi imekwenda vibaya, hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Mama wa hadithi hii alijua yote na hakuwa na lawama. Aliyekuwa hajui ni mwana, ambaye hakujua kwamba siri yake inajulikana.

Kwa wazazi, na hili mtanisamehe: semeni. Msiombe vikopo mnapotaka watoto. Mtoto mwenye shughuli nyingi huchukua maneno kama yalivyo, hana muda wa kuyafungua. "Njoo, nina upweke" ni maneno matatu tu, hayana aibu yoyote ndani yake, na kama yangesemwa mapema nyonga ile ingekuwa nzima.

Na kwa majirani: aliyemwokoa mama huyu si aliyempenda zaidi, bali ni yule aliyezoea kusikia sauti yake na akagundua kwamba haipo. Fahamuni sauti za watu wa mlango wa pili, hata kama ni kwa ugomvi. Siku isiposikika, msisubiri kuambiwa.

Kazi ya mikono ni njema. Tengenezeni maua, taa na mapazia kwa kila kilichokwisha matumizi nyumbani. Lakini kaeni chini pamoja mnapoyatengeneza, angalau wawili, mmoja akikata na mwingine akitunga.